Mzee Renova, Aliyeziuza Piano Zisizo na Jina Kubwa

Leo, Ijumaa tarehe 26 Juni 2026, Bwana Rénovat Nzobonimpa anastaafu baada ya kuitumikia Mlele Ala za Muziki kwa miaka thelathini na mmoja. Asubuhi amefika kabla ya wote, kama kawaida yake, akafagia karakana ambayo leo hakutakiwa kuifagia, kisha akakaa kwenye benchi la nje akisubiri apangiwe kazi. Tumempangia kwenda kuvaa suti.

Kwa wageni mliotoka mbali: duka letu liko jirani na stesheni ya reli hapa Mpanda. Tunanunua vinanda na piano zilizokwisha kutumika, tunazitengeneza, tunaziuza, hasa kwa kwaya. Ukisikia kinanda kikilia vizuri Jumapili mahali popote kati ya Karema na Majimoto, kuna uwezekano mkubwa kwamba kilishalala mezani kwa mzee huyu kikiwa wazi, matumbo nje.

Alizaliwa Burundi mwaka 1966. Aliingia Tanzania ameshikwa mkono na mama yake mwaka 1972, na mwaka uliofuata familia yao ikapata shamba Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Alilima mahindi na tumbaku kama vijana wote wa huko. Kanisani kwao kulikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu ambacho panya walikuwa wamekitoboa mfuko wa upepo, kikawa kinakohoa badala ya kulia. Rénovat alikiziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kikalia. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumbandua kwenye chombo chochote chenye vibonyezo.

Mwanzilishi wa duka letu, marehemu Baltazari Mwanisawa, alimwajiri mwaka 1995 kama fundi msaidizi. Wote tunaomfahamu tunamwita Mzee Renova, ila Mzee Baltazari peke yake alimwita Mrundi, na yeye akimwita bosi wake Mfipa, na wateja wageni walidhani wanagombana.

Wiki zake za mwanzo, Renova alishangazwa na jambo moja. Palikuwa na vinanda viwili kwenye rafu, vyote vizima, sauti zao huwezi kuzitofautisha ukifumba macho. Kimoja kiliandikwa Yamaha, na bei yake ilikuwa mara mbili ya mwenzake. Cha Yamaha hakikumaliza wiki. Kile kingine kilikaa mpaka mama wa usafi akakifanya meza ya chupa za chai. Renova akamwuliza bosi wake sababu.

“Hapa hatuuzi sauti, Mrundi,” Mzee Baltazari akamjibu. “Tunauza jina.”

Na kweli ilikuwa hivyo. Wateja walisoma maandishi ya mbele kabla ya kubonyeza hata kibonyezo kimoja. Mwenyekiti mmoja wa kwaya alikuja na jina la kampuni limeandikwa kwa kalamu kwenye kiganja, jasho likalifuta njiani, akageuza kurudi kwao kuuliza upya. Vinanda vizuri kumi alivikuta hapa dukani, wala hakuvigusa.

Mwaka 2011 mambo yalikuwa magumu. Duka lilikuwa limejaa vyombo vya majina yasiyojulikana, na mishahara ilikuwa inachelewa. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa piano moja ya mbao, ya kusimama, iliyoletwa kwa treni kutoka Tabora. Ilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo kila mtu alilitamka kivyake na hakuna aliyewahi kulisikia. Renova alikuwa ameibadilishia nyuzi zilizokatika na kuzivika sufu mpya zile nyundo ndogo za ndani. Ilikuwa na sauti ya kumfanya mtu asimame barabarani. Watu walisimama kweli, wakaingia, wakasoma jina, wakatoka.

Siku moja Mzee Baltazari alimwita fundi wa kuandika mabango. Akataka lile jina refu lifutwe na pale pale liandikwe Yamaha kwa rangi ya dhahabu.

Renova alisimama mbele ya piano akagoma kusogea.

“Ni maandishi tu, Renova,” bosi akambembeleza. Alipomwita kwa jina lake, wote dukani tulijua hali ni mbaya. “Sauti si ni nzuri?”

“Ni nzuri.”

“Sasa nani tunamdhulumu?”

“Kama ni nzuri, bosi, tuwauzie hiyo sauti. Tukiandika uongo mbele, siku wakijua, hata ile Yamaha ya kweli hawatanunua kwetu.”

Fundi wa mabango alilipwa nauli akaondoka. Mzee Baltazari akatoa onyo: piano hiyo isipouzwa kabla ya mwisho wa mwezi, itapasuliwa mbao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wafanyakazi sita waliokuwa wanamtazama usoni kila tarehe ya mshahara.

Siku chache baadaye akaingia Mama Kasilda, mkulima wa mpunga na mweka hazina wa kwaya moja ya Majimoto. Kanisani kwao umeme ulikuwa haujafika, na walikuwa wamechoka kubeba betri ya gari kila Jumapili. Piano haihitaji betri. Aliisikiliza hadi mwisho, akaifuta vumbi kwa kitenge chake, kisha akasema hapana.

Sote tulishazoea hapana. Renova peke yake ndiye aliyeuliza kwa nini.

“Kuinunua siogopi, mzee wangu,” Mama Kasilda akasema. “Naogopa kuiuza. Yamaha tukipata shida, tunaiuza kesho, hela inarudi. Hii tukiwa na shida, nani ataitaka?”

Miaka kumi na sita tulikuwa tunadhani wateja wanapenda majina makubwa kwa kujionyesha. Kumbe walikuwa wanaangalia mbali. Jina kubwa lilikuwa ni uhakika kwamba hela yao haijafa.

Renova alifikiri kidogo, halafu akasema maneno yaliyomfanya bosi wake ashike kichwa: “Ichukueni. Siku mkiichoka, ileteni. Nitainunua mimi, kwa bei hii hii.”

“Ahadi hiyo ni yako,” Mzee Baltazari akawahi kusema. “Duka halimo.”

“Ni yangu,” Renova akakubali.

Piano ikapakiwa kwenye fuso la mpunga lililokuwa linarudi tupu, ikafungwa kwa magodoro manne ya kuazima, ikapita Sitalike viboko wakiiangalia. Renova alikaa nyuma nayo njia nzima. Majimoto waliipokea kwa vigelegele, wakaimba mpaka jua likazama, na mishahara yetu mwezi ule ikalipwa.

Ikapita miaka miwili. Msimu wa mvua wa 2013 upepo uling'oa paa la kanisa lile la Majimoto. Kwaya ikaamua kuiuza piano ili kusaidia kununua mabati. Wakapeleka picha yake kwa wafanyabiashara kadhaa. Yalitokea yale yale aliyoyaogopa Mama Kasilda: walisoma jina wakacheka, na mmoja akasema angeichukua kwa ajili ya mbao tu. Ndipo mama akapiga simu. Nilikuwepo kaunta, na simu za Renova huwa zinasikika mpaka stesheni.

“Mzee Renova, ulisema tukiichoka tuilete. Hatujaichoka. Paa limeondoka.”

Mtu mwingine angeweza kujitetea. Ahadi ilikuwa ya kuchoka, si ya upepo. Na kila mtu dukani alijua kwamba Renova hakuwa na akiba ila pikipiki yake, ambayo alikuja nayo kazini kila siku kutoka Mwamkulu, alikokuwa amehamia na familia.

“Ileteni,” akasema.

Akauza pikipiki. Akalipa bei ile ile, hakupunguza hata kidogo. Duka halikuwa na nafasi, piano ikaenda sebuleni kwake, na viti vikahamia uani. Mkewe, Mama Ernestine, ambaye yuko nasi hapa leo na ameniruhusu kusimulia haya, aliizunguka mara mbili.

“Baba Happiness,” akamwambia, kwa jina la mtoto wao, “pikipiki inabeba watu. Hili linabeba nini?”

Kwa karibu miaka miwili Renova alikuja kazini kwa baiskeli, suruali imefungwa kamba vifundoni, na hakuna siku tuliyomsikia analalamika. Aliniambia mara moja tu kwamba usiku wa kwanza hakulala, akiwaza kama amewaonea watoto wake.

Lakini Majimoto kuna mnada, na mnadani watu wanaongea. Habari zikapanda mabasi. Mwaka haujaisha, zilianza kuja kwaya ambazo hatujawahi kuziona, kutoka Inyonga, kutoka Mishamo, kutoka vijiji vya Katumba. Hawakuuliza tena Yamaha ziko wapi. Waliuliza, “Yule mzee anayerudisha hela yuko?” Akitokea na overoli yake yenye mafuta, wanamwonyesha chombo chochote rafuni. “Hiki ungekipokea?” Akisema ndiyo, wanalipa. Akisema hapana, wanahamia kingine.

Na alikuwa anasema hapana. Mteja mmoja alileta kinanda chenye jina linaloheshimika kila mahali, akataka bei ya jina hilo. Renova alifungua kifuniko akakuta ndani kumebadilishwa kila kitu. Akakifunga taratibu akasema, “Jina lipo, mwenyewe kashaondoka.” Mteja alikasirika sana, kisha akacheka, na leo ni rafiki wa duka.

Pole pole bei zikabadilika. Vyombo vya majina madogo tulivyokuwa tunauza nusu ya bei ya vile vikubwa vilianza kukaribiana navyo, mradi Renova amevikubali. Wafanyabiashara wa Tabora na Sumbawanga walishangaa kwamba walichokuwa wanakitupa wao, Mpanda kinagombaniwa. Mzee Baltazari aliyaona hayo yote. Siku moja aliwakusanya wafanyakazi, akasema kuanzia sasa ahadi ya kununua tena ni ya duka zima. Halafu akamkabidhi Renova ufunguo wa pikipiki mpya. Wawili hao wakatukanana kwa furaha, Mfipa huyu, Mrundi huyu, mpaka machozi yakawatoka.

Mwaka 2016, mpunga ulipokubali na paa likiwa limeshasimama, Mama Kasilda na wenzake walikuja kuifuata piano yao. Walikwenda moja kwa moja Mwamkulu wakiwa na hela mkononi na fuso limesimama nje. Walimkuta Mama Ernestine amekaa mbele yake. Kumbe jioni moja moja alikuwa ameanza kuibonyeza kwa kidole kimoja, kisha viwili, kisha Mwalimu Séverine wa kwaya ya Katumba akawa anapita kumfundisha.

“Nyie karibuni sana,” Mama Ernestine akawaambia. “Chai ipo, chakula kipo. Piano haiuzwi.”

Renova alijaribu kumshawishi. Tunasikia alijaribu kwa dakika chache tu, akaogopa. Majimoto walipata nyingine, yenye jina dogo zaidi, ambayo Renova aliitengeneza kwa mikono yake bila kudai ufundi. Mpaka leo wanayo.

Amekuwa mkuu wa karakana kwa miaka kumi na miwili. Amefundisha mafundi watano, akiwemo Imakulata anayekalia kiti chake kuanzia Jumatatu, ambaye husikia waya uliolegea kabla hata mzee hajausikia, na mzee mwenyewe ndiye wa kwanza kulisema hilo mbele za watu. Mwaka 2019 Renova alikwenda Karema akakaa siku nyingi kando ya ziwa akitengeneza vinanda viwili vilivyozama na mtumbwi, akarudi na samaki na kinanda kimoja kizima. Kile kingine alikizika, na alisisitiza tulitumie neno hilo. Mzee Baltazari alipofariki mwaka 2021, Renova ndiye aliyeongoza watu kuimba kaburini, kwa kupiga kinanda tu, mdomo umefumbwa.

Hapo niseme jambo ambalo wengi hamlijui. Miaka yote hii hatujawahi kumsikia akiimba. Juzi tu ndipo ilipojulikana kwamba ameomba kujiunga na kwaya ya Katumba, sauti ya nne, na amekubaliwa. Mwalimu Séverine ametuletea taarifa kwamba mtu huyu, ambaye sikio lake limenyoosha sauti za mkoa mzima, akifungua mdomo anashuka. Wanaimba wote sawasawa, wanamkuta chini peke yake, ametabasamu, hana habari. Mwalimu anasema watamstahimili, kwa sababu hajawahi kuona mwanakwaya anayefurahi kiasi kile. Sare ameshashonewa. Mazoezi yake ya kwanza kamili ni Jumamosi, kesho.

Mzee Renova, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa masikio yako na kwa neno lako, ambalo lililipa mishahara yetu. Mama Ernestine, tunakushukuru kwa kutuazima mumeo. Tunawatakia afya, mavuno mazuri na miaka mingi ya kupumzika pamoja. Na kesho, mzee wetu, imba kwa nguvu. Wakikukodolea macho, endelea.

Jeniffer Kasomfi
Kaunta, kwa niaba ya wafanyakazi wote