Nyota za Ambili

Nilikuwa ndani ya basi nikielekea darasa la watu wazima wakati Velayudhan, mkulima wa pilipili manga, alipomwonyesha Mwalimu Sulochana, kwenye kiti cha mbele yangu, barua ya kumhamisha binti yake Ambili kutoka shule ya mwalimu huyo.

“Shuleni kwenu ni kompyuta za bei chee, programu za bure! Mwalimu, Ambili ataajiriwa na nani?”

“Kaka, programu hizi ni huru, hata mtoto anaruhusiwa kuzibadilisha. Ile ya kuonyesha nyota za angani Ambili ameitafsiri kwa Kimalayalam, lugha yetu, kwa majina ya nyota aliyofunzwa na bibi yake. Shule nyingine zimeiomba.”

“Ambili huyuhuyu anayeunguza wali?”

“Huyohuyo.”

Nami, niliyejifunza kusoma nikiwa na wajukuu, nikaacha kujifanya natazama nje.

Basi likasimama. Velayudhan akashuka na barua yake, kisha akauliza dirishani, “Na Thiruvathira ameiweka? Nyota ile ndiyo hutuambia lini tupande.”