Mzee Hamza, Jibini Yetu na Treni Isiyofika

Mzee Hamza Shebughe, mtengeneza jibini mkuu wa Ushirika wa Maziwa Kwembulu, anastaafu rasmi Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili na miezi mitatu. Aliajiriwa tarehe mosi Aprili 1993. Wapo wanaosema tarehe hiyo ilitosha kutuonya.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Yudith Hoza, niandike wasifu huu katika jarida letu la ushirika kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja cha jibini kwa miaka kumi na tisa. Wamenisisitizia niandike mazuri. Nimejitahidi, na pale niliposhindwa naomba masikio yangu yasamehewe.

Mzee Hamza alizaliwa Mlalo mwaka 1965. Hapa kwetu alianza kama mpokea maziwa, akisimama getini kila alfajiri na laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Maziwa safi husoma ishirini na sita kwenda juu. Yakisoma ishirini na mbili, ujue mwenye ng'ombe amepitia mtoni. Hakuwahi kumtukana mtu. Aliinua kipimo, akakikodolea macho, akasema kwa upole, “Haya yametiwa maji,” na mwenye ndoo akageuza kurudi kwake kwa njia ya nyuma. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomjengea jina wilaya nzima. Baadaye aliyahamishia kwenye muziki, na hapo ndipo taabu zetu zilipoanza.

Mwaka 1994 alihamishiwa chumba cha jibini, chini ya mshauri wa Kijerumani aliyeitwa Bwana Uwe, mtu mrefu na mpole aliyekula ugali kwa uma. Bwana Uwe alimfundisha kazi vizuri, hilo hatulikatai. Alipoondoka mwishoni mwa 1996 alimwachia zawadi mbili: redio kaseti kubwa nyeusi na katoni yenye kaseti arobaini na moja alizorekodi mwenyewe huko kwao. Ndani yake mlikuwa na ule muziki ambao wenyewe huuita progresivu roki, pamoja na kaka yake mkorofi, hevi metali. Kwa wasioujua, progresivu roki ni wimbo unaoanza asubuhi na kukukuta bado unausubiri uanze. Hevi metali umeanza kabla hujafika.

Majina ya albamu yalikuwa yameandikwa kwa Kijerumani, tena kwa mwandiko wa daktari. Hakuna aliyeweza kuyasoma, basi Mzee Hamza akazibatiza upya. Ndivyo tulivyopata Mazishi ya Nyuki, Bwana Afya Amekasirika, Shemeji Haondoki, na ile iliyotawala maisha yetu, Treni Haifiki. Mwaka fulani mgeni mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka Irente alisimama dirishani, akatutajia jina halisi la Mazishi ya Nyuki. Mzee Hamza alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamweleza kwamba waliotunga walikosea.

Maoni yake juu ya albamu hizo hayakuombwa na mtu, lakini yalitolewa kila siku ya kazi. Alizipima kwa laktomita ya kichwani. Shemeji Haondoki ilipata ishirini na tatu, kwa sababu mpiga kinanda anazunguka dakika tisa akitafuta mlango wa kutokea, na anapoupata anarudi ndani kuaga. Bwana Afya Amekasirika ilipata ishirini na saba; mwimbaji wake anaunguruma kama mtu aliyebanwa kidole na bodi ya lori, lakini, kwa maneno ya Mzee Hamza, “anaunguruma kwa ukweli.” Ngoma za kukimbia mno alizidharau. Alisema mtu mwenye miguu miwili ya kupigia ngoma na hana pa kwenda ni wa kuhurumiwa.

Alikuwa pia na sheria mbili zisizojadiliwa. Ya kwanza, albamu haikatizwi katikati, isipokuwa kwa adhana. Ya pili, upande B wa kila albamu umetiwa maji. Watunzi, alisema, huweka maziwa yao yote upande A, kisha wanakumbuka kwamba kaseti ina mgongo. Katika kaseti arobaini na moja hakuwahi kukiri hata upande B mmoja ulio salama.

Ni albamu moja tu iliyopata thelathini na moja, nayo ni upande A wa Treni Haifiki. Hiyo aliizungumzia kama watu wengine wanavyomzungumzia mama mzazi. Alisifu uzito wake na utulivu wake. Alisema mwimbaji ana kifua, ana sauti ya mtu mwenye mashamba, asiyeharakishwa na yeyote. Mimi nilisikia ng'ombe mgonjwa akisimuliwa habari za ng'ombe mwingine, lakini sikuulizwa.

Yote hayo tungeyavumilia kama kelele za kazini, lau saa ya ukutani isingekufa mwaka 1998. Tukisubiri saa mpya, Mzee Hamza akaanza kupima muda wa kazi kwa kaseti. Saa mpya haikuja, na kaseti zikawa ndizo saa. Karatasi ya maelekezo iliyobandikwa juu ya tangi, ambayo kila mgeni huipiga picha, inasomeka hivi: Tia dawa ya kugandisha. Weka Treni Haifiki, upande A. Usiguse tangi hadi iishe. Kata mgando. Koroga kwa Mazishi ya Nyuki hadi gitaa linapolia mara ya pili. Ondoa maji. Hakuna dakika hata moja iliyoandikwa mahali popote.

Kukoroga kwenyewe kulikuwa na adabu yake. Ngoma za Mazishi ya Nyuki haziendi nne nne kama za binadamu, zinakwenda saba. Kwa hiyo hapa Kwembulu mwiko unasukumwa mara saba, ndipo unageuzwa. Dotto, mwenzetu aliyekulia kwenye bendi ya tarumbeta ya usharika, alipofika mara ya kwanza alikoroga kwa nne, taratibu, kama anaingiza maandamano kanisani. Mzee Hamza alimpokonya mwiko na akakaa nao hadi mchana. Leo Dotto anafagia kwa saba.

Sheria ya kutokatiza albamu ilitugharimu mara moja. Yule mgeni wa dirishani, kwa wema wake, alituma kwa posta kaseti mpya kabisa ya Mazishi ya Nyuki. Hatukujua kwamba wenye nayo walikuwa wameongeza vipande viwili katikati ya upande A, na gitaa likachelewa kulia kwa dakika kumi na moja. Mgando ulianza kukaza mikononi mwetu, sote tunaona. Mzee Hamza naye aliona. Akaendelea kukoroga, saba na kugeuza, jasho likimtoka, kwa sababu albamu haikatizwi. Jibini iliyotoka ungeweza kuitumia kuzuilia mlango. Mwanamisi, muuzaji wetu wa dukani, aliyasema ya kuyasema kwa Kishambaa, na jarida hili haliwezi kuyachapa. Kisha akaiuza yote kwa wapanda milima, akiwaambia ni ya safari, haiharibiki kwenye begi.

Mcheza kwao hutuzwa, na Mzee Hamza ametuzwa sana. Mwanamisi ni shahidi kwamba kadiri miaka ilivyokwenda jibini yetu ilizidi kuwa nzuri, hadi wateja wa Tanga wakaanza kuiagiza kwa jina lake. Alipoulizwa siri, alijibu kwamba ni mkono. Tulimwamini, kwa kuwa hatukuwa na jibu jingine.

Mwezi Februari mwaka huu meneja wetu, Bi Nasra, alituletea habari ya kutisha. Wakaguzi wa cheti cha ubora wangekuja Mei, nao wanataka maelekezo yaliyoandikwa kwa dakika. Bila maelekezo hakuna cheti, na bila cheti jibini ya Kwembulu haitavuka geti. Familia mia na arobaini zinaleta maziwa hapa. Aliponikabidhi kazi ya kugeuza karatasi ya kaseti kuwa karatasi ya dakika, nilicheka kwa furaha. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikiingoja siku ya kuunyamazisha mtambo ule.

Kazi ilionekana ya mtoto. Kaseti imeandikwa dakika tisini, kila upande arobaini na tano, na Treni Haifiki imejaa upande wake mpaka mwisho. Nikaandika arobaini na tano. Mzee Hamza alipokwenda likizo mwezi Machi, nilitengeneza jibini kwa saa ya simu, chumba kikiwa kimya kama maktaba. Ikaharibika. Nikatengeneza ya pili, ikamomonyoka kama tofali bichi. Ya tatu Mwanamisi aliionja, akanitazama, akaniuliza kwa huruma kama nyumbani hawajambo.

Sina haya kusema kwamba niliogopa. Niliwaza zile ndoo zinazoshuka mlimani kila alfajiri, na mimi ndiye ninayekwenda kuzirudisha. Wiki hiyo nilimfuata Mzee Hamza kwake, nikamsalimu shikamoo, nikaomba arudi siku moja tu. Alirudi. Hakuonja hata kipande. Aliweka Treni Haifiki akafumba macho, na mimi nikabonyeza saa ya simu. Upande A ulipokwisha, simu ilisoma dakika hamsini na mbili.

Nilidhani simu ni mbovu. Tukamwita Aron, fundi redio wa sokoni, akafungua ule mtambo mweusi na kutoa jibu kwa dakika mbili. Mpira wa ndani unaozungusha kaseti umelegea. Umekuwa ukilegea kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka ishirini, na redio imekuwa ikivuta miguu. Kwa hiyo mgando ulipewa muda zaidi kila mwaka, hadi ukapata ule uliokuwa unautaka tangu mwanzo. Mkono uliosifiwa hadi Tanga ulikuwa kipande cha mpira kilichochoka.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini kwa ukorofi wangu nikamwomba Aron, anayejua kutafuta kila kitu kwenye simu, atuchezee albamu ileile kwa mwendo wake halali. Kumbe mwimbaji si mtu mwenye mashamba. Ni kijana mwembamba anayelalamika harakaharaka, kama anayeachwa na basi. Ule uzito haukuwepo, wala ule utulivu. Albamu iliyopata thelathini na moja haikuwahi kupigwa na mtu yeyote popote duniani, ila na redio ya Kwembulu.

Mzee Hamza alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu albamu haikatizwi. Kisha akasema, “Hii imetiwa maji,” na akatoka nje kwenda kutazama karoti za watu. Nilikuwa nimesubiri ushindi huo miaka kumi na tisa. Nilipoupata niliona aibu, na bado ninaiona.

Aron alikuwa amekuja na mpira mpya mfukoni. Mzee Hamza aliporudi alimwomba aurudishe ulikotoka.

Nikafuta arobaini na tano, nikaandika hamsini na mbili. Wakaguzi walikuja Mei, wakaonja, wakaonja tena bila sababu ya kikazi, na cheti kimetundikwa pale ilipokuwa saa iliyokufa. Jibini imeokoka. Familia zote mia na arobaini zinaendelea kushusha ndoo.

Redio ni mali ya Mzee Hamza, na wiki iliyopita aliibeba kwenda nayo kwake pamoja na katoni yake. Mkewe, Bi Mwanahawa, alikwisha tangaza kwamba kitu hicho hakivuki kizingiti cha nyumba yake, kwa hiyo kimewekwa kwenye banda la ng'ombe. Ng'ombe wenyewe ni wawili na, tofauti na sisi, hawana likizo. Tunaambiwa ameshawaeleza kuhusu Shemeji Haondoki. Ameahidi kutuletea maziwa yao kila asubuhi. Tunamkaribisha sana, na tunamkumbusha kwamba sasa laktomita imeshikwa na mimi.

Jana nilitengeneza jibini peke yangu. Nilitazama dakika hamsini na mbili zikipita moja moja kwenye simu, na sijui kama kuna kitu kirefu kuliko hicho. Mazoea yana taabu. Nilipofika kwenye kukoroga, nilijikuta nahema kwa saba na kuguna lile gitaa baya kwa pua, na nilipogeuka Dotto alikuwa anaguna pia. Jibini ilitoka vizuri, ni ileile. Chumba ndicho kimetiwa maji.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kwembulu, tunakushukuru Mzee Hamza kwa mikono yako, subira yako, na hata kwa mpira wako uliolegea. Ulitufundisha kwamba upande A hubeba maziwa yote na upande B haufai kitu. Tunakuombea upande B mrefu, wenye afya, wajukuu na ng'ombe wenye masikio mazuri, usiokatizwa na lolote ila adhana. Ustaafu kwa raha, Mzee wetu.