Kikinga Jua cha Upande wa Mama

LYLE: Haloo? Nani mwenzangu? Mikono ina grisi, sijatazama jina.

NOREEN: Ni mimi, Noreen.

LYLE: Aa, dada yangu wa mjini! Umeshafika kwa Mama?

NOREEN: Tangu jana. Tuko jikoni, ananyunyizia sukari maandazi ya plamu. Anakusalimu. Umeamkaje?

LYLE: Salama. Nimeamka na pikapu ya marehemu Baba, kama kawaida. Mke wangu anasema bora nihamishie mto huku—

NOREEN: Unakwaruza, Lyle! Uko bandani?

LYLE: Ndiyo, bati linakula mtandao. Ngoja nisogee mlangoni... Haya. Sasa?

NOREEN: Sasa nakupata. Sikiliza. Mama kakubali kupanda pikapu kwenye gwaride la leo la magari ya zamani. Kakubali, Lyle! Tangu tumzike Baba hajaigusa hata mlango.

LYLE: Kakubali kwa mdomo wake?

NOREEN: Kwa mdomo wake. Sasa kabla hajageuza nia, kile kikinga jua nilichokutumia—

LYLE: Tumeanza.

NOREEN: —umekifunga?

LYLE: Noreen, mwaka wa hamsini na tatu pikapu hii ilitoka kiwandani na kikinga jua kimoja tu juu ya kioo, cha dereva. Cha abiria mtu alikuwa anaongeza hela, na Baba hakuongeza. Hii kila skrubu ni yake ya kuzaliwa. Majaji wakiona—

NOREEN: Nacho ni cha enzi zile zile! Nimekitoa kwenye gari la rika lake, kwenye vyuma chakavu, nikang'atwa na mbwa—

LYLE: Hukung'atwa.

NOREEN: Nilibwekewa kwa karibu sana. Lyle, Mama katolewa mtoto wa jicho juzi juzi tu. Jua la Nebraska la asubuhi, uso kwa uso! Wewe unautaka utepe wa bluu wa mshindi, mimi namtaka Mama afike mwisho wa barabara bila kuchuruzika machozi.

LYLE: Wewe ungeachiwa ungetia redio, viti vya ngozi na mashine ya barafu.

NOREEN: Na wewe ungemrudisha Baba mwenyewe nyuma ya usukani, kama ingewezekana!

(Mtandao unakwaruza.)

NOREEN: Nisamehe, kaka. Sikukusudia...

LYLE: La, umesema kweli. (Anakohoa.) Nimekifunga.

NOREEN: Nini?

LYLE: Kikinga jua chako. Jana. Nimetoboa matundu mawili, jicho moja nimelifumba kama natoga sikio la mtoto. Hata rangi nimeilinganisha.

NOREEN: Kumbe una moyo! Mama! Mama, Lyle kafunga kikinga jua upande wako!

LYLE: Amefurahi?

NOREEN: Subiri.

LYLE: Anasemaje?

NOREEN: Subiri, bwana! Kaacha sukari... Anasema... ukitoe.

LYLE: Nikitoe?!

NOREEN: Anasema jua likimpiga, Baba alikuwa akivua kofia yake anamvika yeye. Miaka yote. Baba alitaka kununua hicho cha abiria, Mama ndiye aliyekataa.

LYLE: Mbona sisi hatukuona?

NOREEN: Sisi tulikuwa nyuma, juu ya magunia, tunapigana.

LYLE: Wewe ulikuwa unapiga. Mimi nilikuwa napigwa. (Anacheka.) Noreen, nimeitoboa pikapu nzima kwa ajili yako! Majaji watayaona matundu toka ng'ambo ya barabara. Utepe ndio huo umekwenda.

NOREEN: Ukubwa jaa, kaka.

LYLE: Kofia ipo, kwenye msumari ule ule alioitundikia Baba. Nitamwekea kitini.

NOREEN: Hapana, anatikisa kichwa. Anasema uivae wewe kwanza. Mkikata kona ya ghala la mahindi, jua likiwaingia, ndipo—

LYLE: Ndipo nimvike.

NOREEN: Ndiyo.

(Hatua za Lyle zinasikika bandani.)

NOREEN: Lyle? Upo?

LYLE: Nipo. Itanibana. Nina kichwa kikubwa.

NOREEN: Hilo mji mzima unalijua. Na mimi nakaa wapi?

LYLE: Pako pale pale pa asili. Nyuma, juu ya magunia.

NOREEN: Na gauni hili jeupe? Wewe—

LYLE: Chaji inakwisha, nami natafuta bisibisi. Mwambie Mama nakuja. Na asivae kofia yake ya kanisani, umesikia? Asivae kofia yoyote!

NOREEN: Alikuwa nayo mkononi. Keshairudisha kabatini... Haloo? Lyle?