Mstari Wenye Jina la Alžběta

BOHUMIL: Haloo? Nani huyo? Ongeza sauti, niko msituni.

JITKA: Shikamoo mzee. Ni Jitka, wa Brno. Uliyemwachia programu yako ya hospitali.

BOHUMIL: Marahaba, binti. Nachuma uyoga huku, mvua inanikimbiza. Kuna nini?

JITKA: Kaswali kadogo tu. Tulikuwa na wiki ya usafi, tunaandika maelezo upya ili wanaojitolea wauelewe msimbo, maandishi yenyewe ya programu. Si unajua tena msimbo wako –

BOHUMIL: Kichaka. Najua.

JITKA: (anacheka) Kichaka hasa. Sasa, kulikuwa na mstari mmoja. Diski ikishasema imeandika, programu inangoja, inasoma tena kuhakikisha kweli imeandika. Juu yake umeandika: "Usiguse. Alžběta." Basi. Tukakuteta, tukasema mpenzi wa zamani huyo.

(Mkwaruzo kwenye simu.)

BOHUMIL: Kwa nini unasema "kulikuwa"?

JITKA: Mzee, si sheria yako mwenyewe? Mstari usioelezeka unatoka. Nimekupigia mara tatu hupatikani.

BOHUMIL: Umeufuta.

JITKA: Programu imekuwa nyepesi, watu wanasifu –

BOHUMIL: Toleo jipya limetoka?

JITKA: Jumanne.

BOHUMIL: Hospitali zimelichukua?

JITKA: Kitu cha bure, mzee, kila mtu anajichotea. Hii ya ng'ambo ya barabara wamenishukuru leo asubuhi. Alžběta ni nani?

BOHUMIL: Mtoto. Miaka sita. (mkwaruzo) Nesi alimpa dawa ya moyo, akaingiza taarifa kwenye mashine. Diski ikasema imeandika. Ilidanganya. Umeme ukakatika, na uliporudi, mashine ikaonyesha hajapewa.

JITKA: Wakampa tena.

BOHUMIL: Nesi wa zamu ya pili. Mtoto hakuamka tena.

JITKA: Yesu na Maria. Kwa nini hukuyaandika haya?

BOHUMIL: Msimbo ulikuwa wangu, Jitka. Niliweza kuandika jina. Mengine niliona aibu.

JITKA: Naurudisha sasa hivi, dakika tano tu na –

BOHUMIL: Radi hiyo ni ya kwako?

JITKA: Ya huku. Ngoja... mzee, kompyuta imezimika.

BOHUMIL: Yako tu?

JITKA: (anachungulia dirishani) Mtaa mzima. Na hospitali. Lakini wana jenereta, itawaka –

BOHUMIL: Hata siku ile iliwaka. Vuka barabara, kimbia. Mtu asipewe dawa kwa kuangalia mashine. Wawaulize manesi wa asubuhi kwanza.

JITKA: Watanisikiliza? Mimi nani kwao?

BOHUMIL: Waambie umeufuta wewe.

JITKA: Mzee –

BOHUMIL: Waambie hivyo hivyo. Mimi siku ile nilikuwepo pale, nikajua diski imedanganya kabla ya nesi wa pili kuja, nikanyamaza. Nikasema nihakikishe kwa – haloo? Unanisikia?

JITKA: Nakusikia. Nashuka ngazi.

BOHUMIL: Jitka, usiseme ni mashine –

JITKA: Nimefika barabarani. Mzee, taa zao zimewaka. Kwaheri, kwaheri –