Bakuli la Mahindi la Mzee Thadeo Anselmi Mbena (1951–2025)

Baba Paroko, wafiwa, majirani wa Pangani ya Kibaha mliosafiri nasi tangu alfajiri, wenyeji wetu wa Masaki, na mawakili wasomi mliovaa suti nyeusi kwenye jua hili: poleni sana, na asanteni kwa kuja. Wasifu huu unasomwa na Wema Vicent, mpwa wa marehemu, kwa agizo la marehemu mwenyewe. Mnamwona mjane, Mama Honorata, amepakata bakuli la bati, na mkononi ana konzi ya mahindi. Hajachanganyikiwa kwa msiba. Yuko kazini, na kazi yenyewe itaelezwa.

Marehemu Thadeo Anselmi Mbena alizaliwa Jumapili, tarehe 28 Oktoba 1951, hapa Masaki, Kisarawe, akiwa mtoto wa kwanza wa Katekista Anselmi Mbena na Mama Consolata. Ni Masaki hii, siyo ile ya Dar es Salaam yenye nyumba za mabalozi. Marehemu alilifafanua jambo hilo maisha yake yote, isipokuwa siku alipokwenda kuposa. Alipewa jina la mtakatifu wa siku ile, ambaye waumini humwomba pale wanapokuwa wamekwisha kata tamaa. Waliowahi kuwa wanafunzi wa marehemu wanasema Katekista alikuwa nabii.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1960 hadi 1966, kisha sekondari Dar es Salaam hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 1970. Alitaka kuwa wakili. Hakuficha, alikwisha andika neno hilo kwenye sanduku lake la bati, chini ya jina. Lakini baba yake alifariki Novemba mwaka huohuo, na nyumbani kulikuwa na wadogo wanne, mdogo kabisa akiwa Eugenia, darasa la tatu. Tarehe 1 Februari 1971 marehemu aliripoti kazini Kisarawe akiwa karani wa mahakama. Sanduku aliliacha na maandishi yake.

Alifanya kazi hiyo miaka arobaini, na tangu 1984 alikuwa Kibaha. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuita mashauri. Sauti yake ilivuka barabara hadi kwa mama ntilie, na watu waliokuwa wanakula chapati zao kwa amani walisimama wakidhani wameitwa wao. Mzee mmoja wa Dutumi, aliyekuja mjini kununua majembe tu, aliingia mahakamani na kukana shitaka. Katika miaka hiyo marehemu aliwasikiliza mawakili wengi, akagundua kwamba wanaoshindwa si wote wasiojua sheria. Wengi wao walishindwa kwa sababu ya "eeh". "Wakili akisema eeh," alikuwa akisema, "hakimu anatazama saa."

Tarehe 24 Juni 1978 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Honorata, wa Mlandizi. Barua ya posa aliiandika mwenyewe kwa aya zenye namba, akaapa mwishoni kwamba yote yaliyomo ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wake, na akaambatanisha vielelezo vitatu: cheti cha ubatizo, barua ya ajira na picha ya baiskeli yake. Anuani aliandika "Masaki", akaishia hapo. Baba mkwe alijibu kwa mistari miwili: "Maombi yamekubaliwa. Kielelezo cha tatu kiletwe chenyewe, si picha." Baiskeli ilibaki Mlandizi. Siku ya kumsindikiza bibi harusi, gari lilipoipita Dar es Salaam na kuendelea kuitafuta Kisarawe, shangazi yake aliuliza mara tatu kama dereva anaijua njia.

Alistaafu siku aliyotimiza miaka sitini, na familia ilitegemea angepumzika. Mwaka 2012 chumba cha uani nyumbani kwake Pangani alipanga Khalfani, mhitimu wa shahada ya sheria aliyekuwa kwenye mafunzo ya uwakili kwa vitendo. Asiyejua na ajue: shahada peke yake haimfanyi mtu wakili. Lazima apite mafunzo hayo, na ndani yake ipo siku ya kusimama mbele ya jopo na kuendesha shauri kwa mdomo, bila kusoma mahali. Wapo wanaofaulu karatasi zote wakaanguka hapo. Jioni moja marehemu alimsikia Khalfani akifanya mazoezi peke yake: "Mheshimiwa, eeh, mteja wangu, eeh, anaiomba mahakama, eeh..." Marehemu akaenda kusimama mlangoni. "Kijana, mteja wako ameshafungwa."

Jumamosi iliyofuata sebule ikawa mahakama. Kiti cha marehemu kiliinuliwa juu ya makreti ya soda, Mama Honorata akawa shahidi wa kudumu, na kwenye stuli likawekwa bakuli. Kila "eeh", kila "aah", kila "yaani" isiyo na kazi, marehemu aliangusha punje moja ya mahindi, nayo ililia ngii kwenye bati. Mwisho wa shauri mwanafunzi alilibeba bakuli lake akaenda kuwalisha kuku, akizihesabu punje kwa sauti. Hapakuwa na ruhusa ya kukaa kabla ya kusema, "Mheshimiwa, naomba kuwasilisha." Hata aliyekuwa ameshindwa vibaya, hata aliyekuwa analia, alipaswa kulifikia neno hilo kwanza. Baada ya mwaka mmoja kuku wakawa wamejua, na mgeni yeyote aliyefungua geti akiwa na faili kwapani walimfuata hadi mlangoni.

Wakili Khalfani, ambaye yupo hapa, ameruhusu kisa chake kisemwe. Shauri lilikuwa la wizi wa jogoo, na yeye alikuwa akimtetea mshitakiwa. Alimdodosa Mama Honorata vizuri kabisa, shahidi akayumba, kisha akaongeza swali moja. "Shahidi, wewe mwenyewe ulimwona mtu yeyote akimla huyo jogoo?" Mama Honorata akajibu, "Nilimwona, Wakili msomi. Ni wewe, jana mchana. Na ukaomba mchuzi." Marehemu alishuka kwenye makreti yake, akaenda kucheka jikoni, akarudi kutoa hukumu. Tangu siku hiyo Khalfani haulizi swali asilojua jibu lake. Kuanzia yeye hadi sasa, sebule ile imetoa mawakili thelathini na mmoja walioapishwa.

Wa thelathini na mbili amekwama. Ni Wema, mtoto wa Eugenia, yule mdogo ambaye kwa ajili yake sanduku la bati liliwekwa pembeni. Sheria anaijua. Lakini akisimama mbele ya watu sauti humkimbia, na nafasi yake hujazwa na "eeh". Ameanguka mbele ya jopo mara mbili, na mara zote mbili alikaa kabla ya kufika kwenye kuwasilisha. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, na ni Jumatatu ijayo, tarehe 18 Agosti. Siku yake ya kwanza sebuleni, tarehe 11 Januari mwaka huu, alipata punje sitini na moja kwa dakika tano, tatu kati ya hizo kabla hajataja jina lake. Jogoo mmoja alishiba akaondoka.

"Shikamoo mjomba. Mimi basi," alisema siku hiyo.

"Marahaba, Wakili msomi. Basi linapita barabarani. Kaa hapa." Kisha akamwambia kwa upole ambao hakuwahi kuwapa wengine: "Wewe huogopi watu. Unaogopa kimya. Neno likikupotea, nyamaza, litarudi lenyewe. Kimya hakina punje."

Tarehe 3 Juni 2025 marehemu alipata kiharusi. Alilazwa hospitali ya mkoa hapo Kibaha, akarudi nyumbani baada ya siku kumi na tisa, mkono wa kulia umelala na ulimi mzito. Sauti ile iliyosimamisha watu kwenye chapati ikawa inatafuta maneno, na katikati ya maneno ikawa inasema "eeh". Mama Honorata alijifanya hasikii. Marehemu akalisukuma bakuli kwake kwa mkono wa kushoto. "Hesabu," akasema. Siku hiyo alipata punje kumi na nne, akazipeleka kwa kuku mwenyewe, kwa fimbo, akizihesabu moja moja. Familia ilisimama dirishani ikilia na kucheka.

Mwezi Julai aliagiza wasifu wake uandikwe mapema, ili ausahihishe. Rasimu ilipofika, neno "mpole" alilikata na kuandika pembeni kwa mkono wa kushoto: "Thibitisha." Penye "alipendwa na wote" aliandika: "Shahidi nani?" Yote mawili yameondolewa. Nyuma ya karatasi aliandika agizo: "Asome Wema. Asome wote. Honorata ahesabu."

Alifariki dunia Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, saa ya kuanza mahakama.

Hapa msomaji atanyamaza kidogo. Tafadhali msimsaidie.

Kikao cha familia kilikuwa na mjadala. Mdogo wa marehemu, Mzee Ponsiano, alisema wasifu husomwa na mtoto wa kwanza wa kiume, na kwamba Wema atakwama kwenye tarehe ya kuzaliwa na kuiaibisha familia mbele ya Paroko. Mtoto huyo wa kwanza, Leodegar, alisema hana kipingamizi chochote cha kutosoma. Mama Honorata akawasikiliza hadi wakamaliza. "Shemeji, hii ni amri," alisema. "Amri haijadiliwi. Inatekelezwa." Kisha akaenda stoo kulitafuta bakuli.

Marehemu ameacha mjane, Mama Honorata, watoto watatu, Leodegar, Consolata na Anselmi, wajukuu saba, wadogo zake wanne, akiwemo Eugenia, mawakili thelathini na mmoja, na mmoja ambaye bado, pamoja na kuku kumi na wanne wanene kupita kiasi. Kuhusu kupendwa: marehemu aliuliza shahidi nani. Leo mashahidi wamejaa uwanja huu hadi barabarani, na upande wa utetezi hauna swali la kuwadodosa.

Ratiba hii mliyoishika, yenye wasifu huu, ilichapwa jana Mlandizi, kabla msomaji hajasimama, hivyo mstari mmoja umeachwa wazi. Mama Honorata atasema kwa sauti, nanyi mjaze wenyewe.

Idadi ya punje: ............

Zikiwemo, chache zitamwagwa hapa juu ya udongo wa kaburi, mvua za vuli zizikute, na nyingine zitarudi kwa kuku. Zisipokuwemo, kuku wa Pangani leo watalala na njaa, na Jumatatu Wema atakwenda mbele ya jopo akiwa amekwisha simama mbele ya jopo kubwa kuliko lile, kwa shauri gumu kuliko yote, na akafika mwisho.

Mungu ampe mjomba pumziko lile alilowanyima wanafunzi wake kila Jumamosi.

Mheshimiwa, naomba kuwasilisha.