Subiri Ukurasa Ufike Chini

Wasikilizaji wapendwa, acheni kidogo mlichoshika, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Nusura Msafiri. Najua wengi hamlitambui jina hilo. Lakini nikisema Mama Kauthar wa intaneti, yule wa pale Themi, kuna mtu hapo ulipo ameshika kichwa. Ndiyo, huyo huyo. Mama Kauthar ametutoka. Moyo ulimsumbua kwa muda mfupi tu, akazikwa Ijumaa baada ya swala. Na mimi Evaresta, niliyekuwa nabishana naye kila nikienda kusoma barua pepe zangu, nina huzuni na nina hasira pia. Tulikuwa hatujamaliza ubishi wetu.

Alianzia kwenye mitumba. Biashara zilipofunguliwa na marobota yakaanza kumwagika mjini, Nusura alikuwa binti kijana mwenye meza ya magauni ya watoto. Kununua kwake kulikuwa na kazi. Ukilipenda gauni, analipindua. Anakuonyesha mshono wa ndani, anakuonyesha kwapani, anakuonyesha lebo. Anakwambia, "Kwa nje yote mazuri. Pindua kwanza." Mume wake, Bwana Saadi, aliniambia jana huku anacheka na machozi yanamtoka: "Hata mimi alinipindua. Aliuliza habari zangu kwa ndugu zangu wote kabla hajakubali posa."

Baadaye akauza meza, akanunua kompyuta chache zilizotumika, akafungua chumba cha intaneti. Mnaikumbuka intaneti ya wakati ule, wasikilizaji wapendwa? Ukurasa ulikuwa unashuka taratibu kutoka juu. Kwanza kichwa cha habari. Kisha nywele za mtu. Kisha macho. Pua unaisubiri. Na wewe unalipia dakika! Kwa hiyo watu walisoma kilichofika, wakafunga, wakaenda zao. Chini hawakufika. Naomba mlishike hilo: watu walisoma juu, chini hawakufika.

Mama Kauthar yeye alisoma kuanzia chini. Mtu akija na habari ya dawa ya presha, dawa ya uzazi, dawa ya kuacha pombe, alimwambia subiri ukurasa ufike chini. Huko chini ndiko kuna mshono, alisema. Nani ameandika? Lini? Anauza nini? Wateja walinung'unika. Mimi nilikuwa wa kwanza kunung'unika.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwaka ule wa mgao mkali wa umeme.

Mchana mmoja aliingia Bwana Abdiel, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mkazi wa Kimandolu, asili yake Machame. Abdiel ana binti, anaitwa Princess. Wakati huo Princess alikuwa shule ya msingi, na alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa watoto, unaotaka sindano za insulini kila siku. Kila siku, wasikilizaji wapendwa. Asubuhi sindano, jioni sindano.

Abdiel alikuwa na furaha. Alikuwa amepata tovuti ya Kiingereza yenye daktari wa koti jeupe, na dawa ya unga ilishamfikia kwa posta. Alichotaka ni Mama Kauthar amchapishie ule ukurasa na amtafsirie, ili mama yake mzazi, Bibi Anande, aliyekuwa akilia kila mjukuu akichomwa, ausikie kwa Kiswahili na atulie.

Bwana Abdiel mwenyewe ameniruhusu niseme haya. Ameniambia, "Sema yote, dada Evaresta. Usinifichie." Basi nasema.

Mama Kauthar akafungua ukurasa. Ukaanza kushuka. Daktari akatokea nusu. Abdiel akasema, "Hapo panatosha, tafsiri."

"Subiri ufike chini, Baba Princess."

"Mama Kauthar, mimi nalipia dakika."

"Dakika nakupa mimi. Subiri."

Ukurasa ukakwama. Abdiel akapandisha sauti, chumba kizima kikageuka. Na hapa ndipo alipotoa maneno ambayo Mama Kauthar hakuyasahau mpaka anakufa. Alisema: "Mtoto wangu akiumwa malaria anapewa dozi, anamaliza. Minyoo, dozi, anamaliza. Kifua, dozi, anamaliza. Hospitali wenyewe ndio wanatuimbia maliza dozi, maliza dozi! Ya sukari ni dozi gani isiyoisha? Hawa wamesema ni mwezi mmoja. Mwezi mmoja, mama, anamaliza, basi!"

Mnalisikia hilo neno, wasikilizaji wapendwa? Dozi. Sisi sote hapa Arusha tumelelewa na neno hilo. Dozi ni kitu cha kumaliza. Huyu baba hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka kumshika mtoto mkono, na akakutana na mtu anayejua kwamba amechoka.

Mama Kauthar aliuliza jambo moja tu. "Sindano mmeacha?"

"Tangu juzi. Wamesema dawa haichanganywi na sindano."

"Na mtoto anaendeleaje?"

"Anatapika. Anakunywa maji sana. Lakini imeandikwa pale, siku za mwanzo atatapika, ndiyo sumu inatoka. Dawa inafanya kazi!"

Kauthar, binti yake, alikuwepo amekaa karibu na printa. Ananiambia, "Nilimwona mama ameshika kipanya. Alikuwa anaushusha ule ukurasa, haushuki. Anaushusha, haushuki. Mimi nikaanza kuomba dua."

Kisha ukashuka, wote kwa mpigo. Picha za waliopona, majina yao nusu nusu, hakuna hospitali, hakuna anwani, hakuna mwaka. Kitufe kikubwa cha kununulia. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu, mstari mmoja. Mama Kauthar akautafsiri kwa sauti, neno kwa neno:

"Bidhaa hii haikusudiwi kutibu wala kuponya ugonjwa wowote."

Abdiel akasema, "Rudia."

Akarudia. Juu wameandika inaponya. Chini wameandika haitibu ugonjwa wowote. Watu walewale, ukurasa uleule!

Abdiel akaanza tena: labda ni mambo ya kisheria tu, labda ni ya Wazungu. Mama Kauthar alikuwa ameshavaa viatu. "Mimi si daktari, Baba Princess. Siwezi kukwambia mtoto ana nini. Lakini wao wenyewe wamesema hawatibu. Twende nyumbani kwako sasa hivi. Ukinikasirikia, nikasirikie garini."

Akaacha wateja na kompyuta zake, akapanda gari la Abdiel mpaka Kimandolu. Bibi Anande aliwapokea mlangoni akisema, "Asante Mungu, amelala sasa." Hakuwa amelala. Alikuwa anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepandisha mlima, na ukimwita anafumbua macho tu, hajibu. Bibi Anande anasema pumzi ya mtoto ilinukia ndizi mbivu, na yeye alifurahi akadhani ni ile dawa; kumbe ni dalili kwamba sukari imemzidi.

Walimbeba wakamkimbiza hospitali. Daktari alimwambia Abdiel kwamba wangengoja mpaka asubuhi, wasingekuwa na mtoto. Alitundikiwa maji, akarudishiwa insulini, wakakaa roho mkononi. Princess alipona. Narudia kwa aliyefungulia redio sasa hivi: Princess alipona.

Tangu hapo Mama Kauthar hakumsalimia tena Princess kama watu wanavyosalimiana. Akimwona tu, hata ng'ambo ya barabara, anapaza sauti kuulizia sindano: "Umechoma?" Na mtoto anajibu, "Nimechoma, shikamoo!" Ndipo anapewa marahaba yake. Kama hajachoma, marahaba hapati.

Bwana Saadi, Kauthar, na ndugu wote wa marehemu, poleni sana. Tulio hapa redioni tunalia pamoja nanyi, na tunamwomba Mungu ampokee kwa upole. Nawe msikilizaji, siku hizi kurasa zinashuka haraka, huna tena kisingizio cha dakika. Kabla hujaacha dawa ya mgonjwa wako, nenda mpaka chini. Halafu nenda ukamuulize daktari anayemjua huyo mgonjwa. Jiulize pia umeamini kwa sababu ni kweli, au kwa sababu umechoka.

Jumamosi nilikuwa msibani Themi, tumekaa mkekani na akina mama. Chakula kilipoletwa, binti mmoja mrefu aliinuka kabla hajagusa sahani, akaingia chumbani, akafunga mlango. Alikuwa Princess. Ni msichana wa sekondari sasa. Alipotoka, alisimama mbele ya ile sehemu ya mkeka ambako Mama Kauthar alizoea kukaa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nimechoma. Shikamoo."

Kisha Kauthar, aliyemzidi miaka michache tu, akafuta macho kwa upande wa mtandio wake, akamjibu kwa niaba ya mama yake.

"Marahaba, mwanangu. Njoo ule."