Mzee Wenseslaus Mallya na Mfereji Usiokuwa Kwenye Ramani

Mzee Wenseslaus Sirili Mallya, ambaye leo tunamlaza katika kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake, alizaliwa hapa Singa, Kibosho, tarehe 14 Septemba 1963. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Sirili Mallya na Mama Eva, wakulima wa kahawa na ndizi. Akiwa na miaka tisa alipewa kazi ya kulinda zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa asili unaoshuka kutoka msituni. Siku moja aliwafungia jirani maji kabla zamu yao haijaisha, kwa sababu mikungu yao ilikuwa mikubwa kuliko ya kwao. Mzee Sirili hakumchapa. Alimpa ndoo, akamwambia akamwagilie kila mgomba uliokosa maji. Ilimchukua siku tatu, na alipomaliza bado alikuwa anasema mikungu ile imezidi.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1971 hadi 1977, kisha sekondari mjini Moshi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1981. Kidato cha tano alichaguliwa rafiki yake wa dawati moja, yeye akaachwa. Mwaka 1984 alikwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa maabara ya maji, akarudi na cheti Novemba 1985. Cheti hicho alikitundika sebuleni, juu kuliko mahali palipokuja kuwekwa picha ya harusi.

Harusi yenyewe ilifungwa tarehe 28 Desemba 1991. Mkewe, Gladys, alikuwa akiuza vitambaa katika soko la Kwa Sadala. Kila siku ya gulio Wenseslaus alifika kununua kitambaa cha meza, mpaka Gladys akamuuliza, "Kaka, kwenu kuna meza ngapi?"

"Moja."

"Basi sema ulichofuata."

Walijaliwa watoto watatu: Tabitha, ambaye ndiye msomaji wa wasifu huu, Wilson na Ester.

Kazi aliianza tarehe 3 Machi 1986 kwenye mabwawa ya majitaka ya mji wa Moshi, akiwa msaidizi wa maabara. Kwa miaka thelathini na saba alichota sampuli, akazipima, akaandika matokeo kwa mwandiko uliosomeka kuliko wa mabosi wake. Mwaka 2009 alipokea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, binti wa Mwika aitwaye Violet. Wenseslaus ndiye aliyemfundisha kushika chupa mdomo ukielekea yanakotoka maji, na kwamba chupa ya kupimia vimelea haijazwi pomoni, huachiwa nafasi ya hewa. Violet alijifunza haraka. Nyumbani Wenseslaus alimsifu hadi watoto wake wakachoka kulisikia jina hilo.

Hapa familia inatimiza agizo la marehemu. Mwezi uliopita, akiwa kitandani, alimwambia Tabitha, "Andika kwamba nilimwonea wivu. Watu wa Singa wananijua. Usipoandika hilo, hata ukweli uliobaki hawatauamini."

Mwaka 2022 uliletwa mpango wa kuyasafisha majitaka ya mji kwa kiwango cha juu zaidi, ili yatumike tena kumwagilia mashamba ya tambarare. Kabla ya ujenzi ilihitajika tathmini ya athari kwa mazingira. Wenseslaus aliamini ataitwa kwenye timu, kwani nani alikuwa anayajua mabwawa yale kumshinda? Timu ilipofika, aliyeshuka garini akiwa kiongozi ni Violet, sasa na shahada mbili. Wenseslaus alipangiwa kuwaonyesha njia.

"Shikamoo baba," Violet alisema, kisha akawageukia wenzake. "Huyu ndiye aliyenifundisha kazi."

Walimpigia makofi. Wenseslaus aliitikia na kutabasamu, lakini makofi yale yalimchoma. Aliyasikia kama ya kumuaga mtu aliyekwisha. Tangu siku hiyo kila alichofanya Violet kilimkera: viatu vyake vya kazi, alivyoandika bila kufuta, alivyosikilizwa na wakubwa ambao yeye waliwahi kumwacha amesimama mlangoni.

Rasimu ya ripoti ilipotoka aliisoma mara tatu akitafuta kosa, na akalipata. Wakati wa mvua kubwa za mwaka 1998, yeye na wenzake walichimba mfereji wa dharura kupunguza maji ya bwawa la mwisho ili kingo zisibomoke. Baadaye uliota majani, ukasahaulika, lakini haukuzibwa. Ulielekea kwenye kisima ambako akina mama wa upande wa chini wa mabwawa huchota maji. Mradi ungelijaza bwawa lile mwaka mzima, na mfereji haukuwa kwenye ramani ya Violet. Michoro ya mfereji huo ilikuwa katika daftari la Wenseslaus peke yake.

Alirudi nyumbani mchangamfu, akaomba aongezewe mtori. "Mtoto wa Mwika amekosea," alimwambia mkewe, akamweleza yote.

"Umemwambia?"

"Maji yatamwambia."

Gladys aliweka upawa chini. "Wale wanaochota kisimani hawakugombea cheo na wewe."

Wenseslaus alisukuma bakuli la mtori kando.

Mkutano wa wadau ulifanyika Ijumaa, tarehe 17 Machi 2023. Wenseslaus alikaa nyuma, daftari mfukoni. Alikuwa amepanga kusubiri Violet amalize, kisha asimame amwaibishe mbele ya watu. Lakini kabla hajasimama, alisimama Mama Pamela, mmoja wa wale wanaochota kisimani. Aliuliza kama maji ya mradi yanaweza kuwafikia.

"Hapana mama," Violet alijibu. "Hakuna njia yoyote ya maji kuelekea kule."

Mama Pamela hakukaa. Alizungusha macho ukumbini mpaka akamwona Wenseslaus. "Mzee Mallya yule pale. Yeye ndiye huja kutupimia kisima. Mzee, ni kweli?"

Watu wote waligeuka. Hata Violet alimtazama, kwa imani kabisa, kama mwanafunzi anayesubiri alama ya vyema. Wenseslaus alilishika daftari mfukoni, lakini hakulitoa. Alisema tu, "Mtaalamu ameshajibu."

"Basi kama Mzee Mallya amekubali, nimeridhika," alisema Mama Pamela, akakaa.

Maneno hayo ndiyo yaliyomwangusha. Muda wote alilia kwamba haaminiwi. Siku hiyo aliaminiwa kuliko shahada mbili, na imani hiyo akaitumia kuficha.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Violet akiwa na daftari, panga, jembe na jani la sale, ishara ya kuomba msamaha ambayo kwetu anayeletewa haikatai. Violet alilipokea bila kuuliza. Walitembea hadi bwawa la mwisho, Wenseslaus akafyeka, na mfereji ukaonekana, chini yake ukiwa na unyevu.

Violet alichutama, akaugusa ule unyevu. "Baba, jana ungesema."

"Jana nilikuwa na wivu."

"Na leo?"

"Leo pia ninao. Ila nimekuja."

Ripoti ilichelewa miezi minne. Mfereji ulizibwa kwa udongo wa mfinyanzi na zege, na kisima kikawekewa ratiba ya kupimwa kila mwezi. Violet aliitisha mkutano mwingine, akasema wazi kwamba ramani yake ilikosea. Wenseslaus naye alisimama, akamwambia Mama Pamela kwamba siku ile alijua na akanyamaza. Jioni alimwambia Gladys, "Yule binti hata kukosea ananishinda. Amekiri kosa lake bila kutetemeka. Mimi nilishikilia kiti cha mbele."

Alistaafu Septemba 2023. Kisukari alichougua tangu 2017 kilimharibu figo, na Januari mwaka huu wa 2025 alilazwa katika hospitali ya rufaa mjini Moshi. Jumapili tarehe 9 Februari Violet alimtembelea na karatasi ya matokeo ya kwanza ya maji ya mradi. Wenseslaus aliomba miwani. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, akarudia toka juu, kisha akamrudishia.

"Hakuna kosa."

"Umetafuta, baba?"

"Nimetafuta sana."

Wakacheka wote wawili, Wenseslaus mpaka akakohoa. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja, Gladys akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Gladys, watoto Tabitha, Wilson na Ester, wajukuu wanne, na ndugu zake wawili. Kwa agizo la mama, limeongezwa hapa jina la Violet, na watoto tumekubali, ingawa hatukukubali siku ya kwanza.

Mwenyezi Mungu ampokee mja wake Wenseslaus, amjalie pumziko lenye amani. Amina.